Je, Oksijeni Ndiyo Iliyomwua Mwanangu?

Barua hii ilitufikia ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi, pande zote mbili za karatasi ya daftari la shule. Mama aliyeiandika ametuomba tusitaje jina lake wala mahali anapoishi, nasi tumemheshimu. Anasimulia kwamba mtoto wake wa pili, wa kiume, alipotimiza majuma tisa alishikwa na mafua. Kaka yake, anayesoma darasa la kwanza, ndiye aliyetangulia kukohoa. Siku ya tatu kichanga akaanza kuhema haraka haraka, na kila akinyonya mara mbili tatu huliachia titi ili avute pumzi. Bibi yake mzaa baba akasema hicho ni kimeo, akaitwa fundi wa kukikata. Siku ya tano ndipo walipofika hospitali.

Muuguzi alimbana mtoto kidude mguuni, akasoma namba, na papo hapo akamwekea mpira wa oksijeni puani. Jioni ndugu wakaja kumwona. Mmoja wao akanong'ona kwamba katika wodi ile mtoto akishawekewa mpira hatoki mzima, kwani hata mtoto wa jirani yao alikwenda hivyo hivyo. Usiku, wauguzi wakiwa wanahangaika na mgonjwa mwingine, mpira ukatolewa. Wakaondoka na mtoto kimya kimya ili kukipambazuka wampeleke kwenye maombi. Hakufika asubuhi.

"Mama mkwe anasema oksijeni ndiyo iliyommaliza," anaandika. "Mume wangu anasema sisi ndio tuliomwua kwa kuitoa. Mimi sasa nina mimba ya miezi sita. Nawaomba mnieleze ukweli."

Mama mpendwa, tumeisoma barua yako pamoja hapa ofisini, na baadhi yetu tumezika watoto pia. Hatutakujibu kwa haraka. Lakini swali lako la kwanza lina jibu fupi, nalo ni hapana. Oksijeni haikumwua mwanao. Jibu la swali la mume wako ni refu zaidi, na ili tulifikie inatubidi kwanza tueleze kilichokuwa kikitendeka katika kifua kile kidogo.

Mafua yanayoshuka kifuani

Mafua mengi husababishwa na virusi, na wengi wetu tukiyapata hulalamika siku tatu, tukanywa chai ya tangawizi, yakaisha. Kwa mtoto wa majuma tisa mambo ni tofauti. Kipo kirusi kimoja ambacho madaktari hukiita kwa herufi tatu, RSV. Kilitambuliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua katika maabara moja huko Marekani, na muda mfupi baadaye kikapatikana kwa watoto wachanga. Karibu kila mtoto hukipata kabla hajatimiza miaka miwili, na wengi hupona wakiwa nyumbani. Lakini kwa wachache, hasa walio chini ya miezi sita, waliozaliwa kabla ya wakati, au wenye ugonjwa wa moyo, kinashuka hadi kwenye vijitawi vidogo kabisa vya mapafu.

Vijitawi hivyo kwa kichanga ni vyembamba mno. Vikivimba kidogo tu na kujaa ute, hewa inapita kwa shida. Mtoto anaanza kuifanyia kazi kila pumzi. Pua zinatanuka, mbavu zinabonyea ndani, kichwa kinanesa. Fikiria wewe unatwanga mahindi usiku kucha bila wa kukupokea mchi. Utafika wakati mikono itagoma, si kwa kuwa hutaki, bali kwa kuwa nguvu zimekwisha. Hivyo ndivyo mtoto wa RSV anavyokufa. Anachoka. Wengine, hasa wale wadogo sana, hawaoneshi hata kuhema kwingi. Wanasita tu kupumua kwa muda, wanaanza tena, halafu wanasita tena.

Inakadiriwa kwamba kirusi hiki huua watoto wapatao 100,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na zaidi ya 97 katika kila 100 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Karibu nusu yao hawajatimiza miezi sita. Kati ya mwaka 2011 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi saba, mojawapo ikiwa Kenya, pale Kilifi, na nyingine ni jirani zetu Zambia. Ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya nimonia kali za watoto waliolazwa ilitokana na RSV peke yake. Tunaitaja hesabu hii kwa sababu ndugu wengi bado wanaamini kwamba nimonia ni baridi ya usiku tu, au ni mtoto kutofunikwa.

Na kimeo? Kimeo kila mtu anacho. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, hata wewe ukipanua kinywa mbele ya kioo utakiona. Kukikata hakugusi kirusi kilichoko mapafuni. Kunamwachia mtoto kidonda, damu, na pengine vijidudu vya wembe, na kubaya zaidi kunakula siku. Mwanao alipoteza siku mbili hapo. Hatusemi hivyo ili kumhukumu bibi yake. Alitumia alichofundishwa na mama yake.

Mpira wa puani unafanya nini

Hewa tunayovuta sote ina sehemu 21 za oksijeni katika kila sehemu mia. Mapafu yaliyovimba yanashindwa kuchukua ya kutosha kutoka hapo. Basi hospitali inamwongezea, ama kutoka katika mtungi, ama kwa mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani kwa umeme. Kile kidude cha mguuni au kidoleni, ambacho msingi wake ulivumbuliwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya mwanzo ya 1970, kinapima oksijeni iliyomo katika damu kwa kutumia mwanga, bila sindano. Kwa mtoto mzima namba huwa 95 na kuendelea. Ikishuka chini ya 90, anahitaji kuongezewa.

Lipo jambo moja la kweli ndani ya hofu ya watu, nasi hatutalificha. Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina kipimo chake. Kwa watoto njiti, ikizidi inaweza kudhuru macho. Ndiyo maana muuguzi huja na kile kidude, akapunguza au akaongeza. Lakini kupimiwa dawa ni jambo moja na kuuawa nayo ni jingine kabisa.

Akina mama wengi hudhani oksijeni inatibu ugonjwa, na wasipoona nafuu kufikia jioni wanakata tamaa. Tuelewane vizuri hapa. Hakuna dawa ya kawaida ya kukiua kirusi cha RSV mwilini mwa mtoto. Sindano za antibaiotiki hazikiui, ingawa daktari anaweza kuziandika kwa kuwa si rahisi kujua kama kuna bakteria pia. Anayekishinda kirusi ni mtoto mwenyewe, kwa kinga ya mwili wake, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano ndizo mbaya kuliko zote. Oksijeni, maji au maziwa ya mama yanayopitishwa kwa mpira wa tumboni, na kusafishwa pua, vyote vinamshikilia mtoto asianguke wakati vita vinaendelea. Vinampokea mchi.

Povu katika chupa

Mpira wa kawaida usipotosha, iko ngazi ya pili, nayo inastahili tuieleze kirefu maana imeanza kuonekana hata katika baadhi ya hospitali zetu. Mtoto anavikwa mpira unaoziba pua vizuri, na anapotoa pumzi, hewa hupita katika mrija ambao ncha yake imezamishwa ndani ya chupa ya maji. Kwa kuwa hewa inabidi iyasukume maji ndipo itoke, kifuani kunabaki msukumo mdogo unaozuia vijitawi visijifunge. Ukikaa karibu unasikia maji yakitoa povu, bwata bwata. Mama mmoja aliyelala wodini na pacha wake alituambia kwamba sauti hiyo mwanzoni ilimnyima usingizi, na usiku wa tatu ikawa ndiyo inayomlaza.

Njia hii ilipata sifa kubwa kwa kazi ya daktari mmoja wa Bangladesh, Mohammod Jobayer Chisti. Mwaka 1996, akiwa daktari kijana katika mji wa Sylhet, aliona watoto watatu wakifa kwa nimonia katika usiku wake wa kwanza wa zamu, akajiapiza kutafuta namna. Mashine za kupumulia zilikuwa ghali mno kwa nchi yake. Hatimaye akatengeneza kifaa cha povu kwa mirija ya kawaida na chupa tupu ya shampuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 67 waliopewa oksijeni kwa mpira wa kawaida walikufa 10. Kati ya 79 waliowekewa chupa ya povu walikufa 3. Chupa ya shampuu, akina mama!

Lakini msikimbilie kudhani chupa peke yake inaokoa. Huko Malawi, katika hospitali ya wilaya ya Salima, njia hiyo hiyo ilijaribiwa kwa watoto wenye nimonia kali na hali ngumu, wahudumu wakiwa wengi si madaktari na wakiwa na kazi nyingi kupita kiasi. Majibu yake, yaliyotolewa mwaka 2019, yalikuwa kinyume. Waliowekewa povu walikufa 17 katika kila mia, na waliopewa oksijeni ya kawaida 11 katika kila mia. Kule Dhaka madaktari walikuwa wakipita kitandani mara kwa mara. Sisi tunajifunza kwamba mashine inahitaji macho. Inahitaji mtu wa kuona kwamba mpira umechomoka, tumbo limejaa hewa, pua imechubuka, au mtoto ametapika na anaelekea kupaliwa. Wanaopigia serikali kelele za mashine, wapige kelele za wauguzi pia.

Ngazi ya mwisho ni mashine ya kupumulia yenyewe. Hapo mrija unapitishwa kinywani hadi kwenye koo la hewa, mtoto analazwa kwa dawa ili asiung'ang'anie, na mashine inampulizia kila pumzi. Akina mama wengi wakimwona mtoto hivyo, amelegea, haguni, hafumbui macho, huanza kulia msiba. Si msiba. Amelazwa kwa makusudi, apumzike. Hospitali zenye mashine hizi kwa ajili ya vichanga ni chache kwetu, nyingi zikiwa za rufaa, na ndiyo sababu ya kutaka mtoto afikishwe ngazi ya kwanza mapema, ili ya mwisho isihitajike.

Mashine hizo nazo zilizaliwa kutokana na mikono. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio, kirusi kinachoweza kupoozesha misuli ya kupumulia. Daktari Bjørn Ibsen alimpitishia binti wa miaka 12 mrija wa koo la hewa, akampulizia kwa mfuko wa mpira unaobonyezwa kwa mkono, na binti akaishi. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakapokezana zamu mchana na usiku kuminya mifuko. Ule mfuko unaouona muuguzi akiuminya usoni pa mtoto ni ndugu wa mifuko ile.

Mbona tumewaona wakifa nao?

Hofu ya mama mkwe haikutoka hewani. Ameona kwa macho yake watoto wakiwekewa mpira na baadaye wakifunikwa shuka. Lakini ni nani anayewekewa mpira? Ni aliye mahututi. Mtu akiona kwamba kila penye uchungu wa kuzaa pana mkunga, asije akasema mkunga ndiye aletaye uchungu. Na kadiri tunavyochelewa kwa kuogopa mpira, ndivyo wanavyowekewa waliokwisha kuchoka kabisa, wanakufa, na hofu inapata ushahidi mwingine.

Wahudumu nao wana sehemu yao katika jambo hili. Mwenzetu mmoja aliwahi kukaa na mjukuu wake siku mbili wodini, na hakuna aliyemwambia mpira ule ni wa nini. Alipouliza alijibiwa, "Mama, tuachie kazi yetu." Muuguzi mwenye watoto arobaini na mikono miwili anaweza kusamehewa mengi, lakini maneno kumi tu yangetosha: "Mapafu yamechoka, hii inamsaidia mpaka apate nguvu." Mama akiyasikia hayo, ndugu hawatampata usiku.

Basi ukiwa kitandani pa mtoto, uliza. Uliza namba imefika ngapi. Mpira ukichomoka au maji yakiacha kutoa povu, usione haya kumwita muuguzi, hata mara kumi. Umeme ukikatika, mwite mara moja ili mtoto ahamishiwe kwenye mtungi. Usimlazimishe kunyonya anapohema sana, maana maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Kamua, na muuguzi atayapitisha kwa mpira. Mguse, mwimbie. Na tafadhali, mishumaa ya maombi isiwashwe karibu na oksijeni, kwani moto hushika kwa kasi ya kutisha palipo na hewa hiyo.

Kuhusu maombi, tunasema kwa upendo kwa wote waliomshauri mama yetu huyu. Mchungaji, padri au wana maombi wanaweza kuja wodini, na hospitali nyingi huwapokea. Hakuna mahali katika Maandiko panapodai mtoto atolewe kwenye msaada ndipo Mungu asikie. Mkumbukeni yule mwanamke Mshunami katika kitabu cha pili cha Wafalme. Mwanawe alimfia magotini adhuhuri, naye hakungoja wala hakufanya kikao cha ukoo. Alitandikiwa punda, akamwambia mtumishi asipunguze mwendo mpaka amwambie. Na Elisha alipofika aliomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto. Aliomba na pia alitumia mwili wake.

Zipo pia nyakati ambazo kila ngazi hujaribiwa na mtoto bado anakwenda. Daktari akikuita kando akasema hivyo, omba umpakate. Hilo unaruhusiwa kuliomba.

Sasa turudi kwa mume wako

Mama, mume wako anasema ninyi ndio mliomwua. Kweli ni kwamba mpira haukupaswa kutolewa, na kuutoa kulimwondolea mwanao msaada aliouhitaji. Hatuwezi kukudanganya. Kweli pia ni kwamba alifika siku ya tano akiwa amechoka sana, na hakuna binadamu awezaye kusema kwamba angepona kama angebaki. Aliyemwua ni kirusi. Ninyi mlikimbia naye gizani kwa sababu mlimtaka aishi, na hakuna mtu aliyewaeleza mlichokuwa mkikimbia. Usikubali neno hilo la kuua likae kati yenu kitandani. Mwombe mume wako mwende wote wawili kwa mchungaji wenu, mlitoe mbele yake, mlie, mlizike.

Na huyo uliyembeba tumboni, yako ya kufanya. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2025 chanjo ya RSV kwa wajawazito kuanzia juma la 28. Mama anachanjwa, na kinga inapita kwa mtoto kabla hajazaliwa. Ipo pia sindano ya kinga anayochomwa mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa. Katika nchi nyingi za Afrika bado hazijaingia katika ratiba ya kawaida ya kliniki, lakini wewe uliza kliniki yako, na uulize mapema kwa kuwa miezi yako imesogea. Huko Kilifi, mwaka 2009 na 2010, watafiti walifuatilia kaya zenye vichanga, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya vichanga walioambukizwa walikipata kirusi humo humo nyumbani, na mara nyingi kutoka kwa watoto wakubwa wanaosoma. Kwa hiyo huyo kaka wa darasa la kwanza aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo wake, na akiwa na mafua ambusu miguuni, si usoni. Wageni nao hawakatazwi kumwona mtoto, ila si lazima apitishwe mikononi mwa kwaya nzima. Nyonyesha maziwa yako tu miezi sita. Moshi wa kuni na mkaa uwe mbali na anapolala.

Akipata mafua, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, ni 50 au zaidi. Mbavu zikibonyea, akiguna kila pumzi, akishindwa kunyonya, akisita kupumua, akilegea, midomo ikigeuka rangi au akipata degedege, hiyo si ya kungoja asubuhi. Weka nauli kando tangu sasa, ndani ya kitu ambacho hakifunguliwi kwa sukari.

Nakala ya ukurasa huu tumekutumia mbili. Moja ni yako. Ya pili msomee mama mkwe wako taratibu, siku mmekaa vizuri, pengine mkichambua mboga. Ndiye atakayempakata mtoto huyu mara nyingi kuliko sisi sote, na huenda ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia anavyohema.